Setingi za mashine: Anayebonyeza siye anayelipa

MSIMU wa mavuno unapoanza katika kanda ya kati, maroli ya nafaka huonekana yakielekea Kizota, eneo la viwanda na maghala lililoko magharibi mwa Jiji la Dodoma. Hapo ndipo yalipo maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), na jirani yake wapo wasagaji, wakamuaji wa alizeti na wanunuzi wadogo wa mazao. Zamani biashara hiyo iliendeshwa kwa debe, kwa mizani ya mawe na kwa mnunuzi kuuma punje ya hindi ili ajue kama imekauka. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo imehamia kwenye kioo kidogo chenye tarakimu.

Tarakimu hizo huaminiwa kuliko neno la mtu. Mizani ikisema kilo 98, mjadala umekwisha. Kipima unyevu kikisema asilimia 15, mzigo unarudi juani. Lakini nyuma ya kila tarakimu kuna programu, na ndani ya programu hiyo kuna maelekezo ambayo mtengenezaji aliyaweka kabla mashine haijatoka kiwandani. Mafundi na wafanyabiashara huyaita setingi. Mashine isipoguswa, hufuata setingi hizo za awali. Ikiguswa, humtii aliyeigusa, hata kama amekosea.

Ndiyo maana suala linaloonekana la mafundi wa kompyuta peke yao limekuwa suala la mkulima na mfanyabiashara mdogo: je, mashine au simu inapaswa kumwonya mtu kabla hajabadilisha setingi ambayo imewekwa kwa busara? Na kama jibu ni ndiyo, onyo hilo liwe la namna gani ili lisiwe kelele tu?

Jibu linategemea swali moja ambalo watengenezaji wengi hawalijibu. Nani atalipa gharama iwapo setingi itabadilishwa vibaya? Wakati mwingine ni yule yule aliyebonyeza. Wakati mwingine ni mtu mwingine kabisa, ambaye hata kioo cha mashine hakukiona. Hali hizo mbili zinahitaji dawa tofauti.

Kilo zinazopotelea kwenye mizani

Mizani ya kielektroniki ina setingi za aina mbili. Za kwanza ni za kazi ya kila siku, kama vile kurudisha sifuri na kutoa uzito wa gunia tupu. Za pili ni za urekebishaji wenyewe, yaani zile zinazoiambia mashine kilo moja ina uzito gani.

Aina ya kwanza inaonekana ndogo lakini ina hasara zake. Gunia la katani hufikia uzito wa kilo moja hivi, wakati mfuko wa plastiki iliyofumwa, maarufu kama kiroba au salfeti, kwa kawaida hauzidi robo kilo. Chukua mfano wa karani aliyeielekeza mizani itoe kilo moja kwa kila gunia, kwa sababu asubuhi alikuwa akipokea mzigo ulio kwenye magunia ya katani. Mchana unakuja mzigo wa viroba 40, naye hajabadilisha kitu. Mizani itaendelea kutoa kilo moja. Mwenye mzigo atapoteza robo tatu ya kilo au zaidi kwa kila kiroba, ambazo kwa viroba 40 ni kilo 30 na ushei. Karani hakukusudia kuiba, na mashine haikuharibika. Imekumbuka tu kile ilichoambiwa asubuhi.

Mizani inayojali ingeandika kwenye kioo, kabla ya mzigo mpya, kwamba bado inatoa kilo moja ya gunia, na kumtaka karani athibitishe. Zipo zinazowasha taa ndogo au alama pembeni mwa kioo, lakini alama isiyojulikana maana yake na mkulima haimsaidii.

Aina ya pili ya setingi ni nyeti zaidi, na inaonyesha pia kwamba setingi ya kiwandani si sahihi kila mahali. Nguvu ya mvutano wa dunia hutofautiana kati ya mahali na mahali. Huongezeka kadiri mtu anavyokwenda mbali na ikweta, na hupungua kadiri anavyopanda mwinuko. Dodoma iko karibu nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mizani ya kielektroniki iliyorekebishwa London na kuletwa Dodoma bila kurekebishwa tena itapunguza takriban gramu 350 katika kila kilo 100. Kwa magunia 40 hizo ni kilo 14. Kwa hiyo kuna setingi ambazo ni lazima ziguswe, ila na mtu anayejua anachokifanya na anayeweza kuulizwa.

Hapa sheria ilitangulia teknolojia. Chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, mizani ya biashara huhakikiwa na Wakala wa Vipimo (WMA), hubandikwa stika na sehemu yake ya urekebishaji hufungwa kwa lakiri. Lakiri hiyo ndiyo onyo lenyewe. Haimzuii mtu mwenye bisibisi, lakini ikikatwa, kila anayekuja kuuza mazao anaweza kuona kwamba kuna aliyeingia ndani. Sababu yake iko wazi: anayerekebisha mizani kwa siri si yule atakayepungukiwa. Kumwandikia mtu wa namna hiyo kwenye kioo kwamba "unaweza kupata hasara" ni kupoteza wino, kwa sababu hasara si yake.

Unyevu na sumukuvu

Kipima unyevu nacho kina hadithi inayofanana. Kwa viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mahindi yanayouzwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Vipimo vingi vya mkononi havipimi maji moja kwa moja. Hupima jinsi punje zinavyoitikia umeme, kisha hutafuta jibu kwenye jedwali lililohifadhiwa ndani. Kila zao lina jedwali lake. Mtama ukipimwa kwa jedwali la mahindi, mashine itatoa jibu bila kusita, na jibu hilo litakuwa si la mtama wala la mahindi.

Aidha, vipimo vingi vina sehemu ya kuongeza au kupunguza jibu, iliyowekwa ili fundi alinganishe kifaa na vipimo vya maabara. Kwa kawaida hutoka kiwandani ikiwa sifuri. Mtu akiweka pale "punguza moja na nusu", mahindi yenye unyevu wa asilimia 15 yatasomeka kuwa 13.5. Akiongeza kiasi hicho hicho, mahindi makavu ya mkulima yatakataliwa au kushushwa bei.

Hesabu yake haihitaji kompyuta. Kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 16 zina kilo 84 za hindi kavu. Yakikaushwa hadi asilimia 13.5, yanabaki kilo 97 hivi. Kwa hiyo mnunuzi aliyelipia kilo 100 kwa bei ya mahindi makavu amelipia kilo tatu za maji kwa kila gunia. Kwa tani 10 hizo ni kilo 290 hivi.

Lakini fedha ni sehemu ndogo ya jambo hili. Nafaka iliyoingizwa ghalani ikiwa na unyevu hukaribisha ukungu, na aina fulani za ukungu huzalisha sumukuvu. Mikoa ya Dodoma na Manyara inaijua sumu hiyo kwa majonzi. Mwaka 2016 watu 68 waliripotiwa kuugua katika mlipuko uliohusishwa na sumukuvu, na 20 kati yao walifariki dunia. Maafa yale hayatajwi hapa ili kulaumu mashine yoyote. Yanatajwa kwa sababu yanaonyesha kilichoko nyuma ya ile tarakimu 13.5. Mtu anayebadilisha setingi ya kipima unyevu ili msururu wa maroli upungue mapema anacheza na kitu ambacho kitaishia kwenye sufuria ya familia asiyoifahamu.

Pale anayebonyeza ndiye anayelipa

Upande wa pili kuna vifaa ambavyo mwenye navyo hujiumiza mwenyewe. Mfano ulioenea vijijini ni kidhibiti chaji cha umeme wa jua. Kifaa hicho huzima taa na televisheni pale betri ya risasi na asidi ya volti 12 inaposhuka hadi kufikia volti 11 hivi. Wenye vibanda vya kuchaji simu na vinyozi hawakipendi kizima kazi saa tatu usiku. Baadhi huingia kwenye setingi wakashusha kiwango hicho, au wakamwambia fundi aunganishe waya moja kwa moja kwenye betri.

Usiku ule taa zinawaka muda mrefu zaidi, na mteja anaondoka ameridhika. Lakini betri ya risasi inayomalizwa mara kwa mara hufanya magamba magumu ndani yake, na uwezo wake wa kutunza umeme hupungua. Betri ambayo ingedumu miaka kadhaa hufa katika muda mfupi, na mwenyewe husema aliuziwa betri feki. Uhusiano kati ya kidole chake na hasara yake umefichwa na muda uliopita katikati.

Vivyo hivyo kwa mashine za kutotolesha vifaranga. Yai la kuku huhitaji siku 21 na joto la nyuzi 37.5 hadi 37.8 katika mashine yenye feni. Setingi hiyo haikubuniwa mezani, bali imefuata maumbile ya kuku. Mfugaji anayepandisha joto akidhani vifaranga watawahi, au anayezima kengele ya tahadhari kwa sababu inamsumbua usiku, anaweza kuua viinitete vya trei zote kabla hakujapambazuka. Atakuja kujua siku ya 21, wakati mayai yamekaa kimya.

Katika mifano hii miwili lakiri haihitajiki. Kifaa ni cha mwenyewe, na zipo sababu halali za kubadilisha setingi. Anayetoa betri ya risasi na kuweka ya lithiamu ni lazima abadilishe setingi ya aina ya betri, kwa kuwa volti zake ni tofauti. Anayetotolesha mayai ya bata au kanga ana siku na unyevu wake. Anachohitaji mtu huyu ni kuambiwa, kwa Kiswahili na kabla hajabonyeza, kitakachotokea: "Ukishusha chini ya hapa, betri ya risasi itakufa mapema. Endelea?" Maneno kama hayo yanagharimu mtengenezaji mistari michache ya programu.

Simu na mikopo ya mtandaoni

Simu ya mkononi imeunganisha hali zote mbili. Simu zinazotumia Android hutoka kiwandani zikiwa zimekataa kupokea programu kutoka nje ya duka rasmi. Mtu anayetumiwa programu kwa njia ya ujumbe akitaka kuipakia, simu humwonya, na tangu toleo la 8 la mwaka 2017 humtaka atoe ruhusa kwa kila chanzo peke yake. Tangu toleo la 6 la mwaka 2015, programu haiwezi kusoma orodha ya majina au ujumbe mpaka mwenye simu akubali. Hizo ni setingi za busara, na zimewekwa pamoja na onyo.

Hata hivyo, mtu mwenye shida ya ada ya shule au mtaji wa kununulia mazao hasomi onyo. Anabonyeza "Ruhusu" mara tatu na mkopo unaingia. Siku akichelewa kulipa, shemeji, mjomba na mteja wake mkubwa wanapokea ujumbe wa kumdhalilisha, kwa sababu majina yao yalichukuliwa siku ile. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Mapema zaidi, Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Hapa aliyebonyeza amelipa kwa aibu yake, lakini shemeji na mjomba nao wamelipa bila kubonyeza chochote. Onyo la simu lilisema programu inaomba kufikia "anwani" au "kontakti". Halikusema kwamba watu wote walioko ndani ya simu wanaweza kupigiwa. Maelezo ya kwanza ni ya fundi, na ya pili ndiyo yangemfanya mkopaji asite.

Kwa nini watu hawasomi maonyo

Watengenezaji wa programu hupenda kusema kwamba watumiaji hawasomi. Ushahidi unaonyesha kwamba hilo ni nusu ya ukweli. Mwaka 2013 watafiti Devdatta Akhawe na Adrienne Porter Felt walichapisha uchunguzi wa maonyo zaidi ya milioni 25 yaliyoonyeshwa na programu mbili za kusomea mtandao, Chrome na Firefox. Kwa onyo kuhusu vyeti vya usalama vya tovuti, watumiaji wa Chrome walilipuuza kwa asilimia 70.2. Wale wa Firefox walilipuuza kwa asilimia 33 tu. Aina ya hatari ni moja, lakini namna ya kuonya ilitofautiana, na matokeo nayo yakatofautiana sana.

Firefox hiyo hiyo ina ukurasa uliofichika wenye mamia ya setingi za ndani. Tangu toleo la 3 la mwaka 2008, anayeufungua hukutana kwanza na onyo kwamba mabadiliko yasiyofaa yanaweza kuvuruga programu. Jambo lenye manufaa zaidi linafuata baada ya hapo: setingi iliyobadilishwa huandikwa kwa herufi nzito ili ionekane, na ipo njia ya kuirudisha ilivyokuwa. Kwa maneno mengine, kuna onyo, kuna alama, na kuna njia ya kurudi.

Upo pia mfano wa onyo lililoshindwa. Kwa miaka mingi programu za ofisi za Microsoft ziliweka utepe wa njano juu ya faili lenye amri ndogo zilizofichwa ndani yake, pamoja na kitufe cha kuziruhusu. Wahalifu walichofanya ni kuandika ndani ya faili maelekezo ya kumtaka msomaji abonyeze kitufe kile. Watu walibonyeza. Mwaka 2022 kampuni hiyo iliamua kwamba amri zilizomo kwenye mafaili yanayotoka mtandaoni zizuiwe kabisa, na kitufe cha haraka kikaondolewa. Somo lake ni kwamba onyo lenye kitufe cha "Sawa" karibu nalo hugeuka kuwa mazoea, na mazoea yana taabu.

Mtu wa Kizota anayeonywa na simu mara 20 kwa siku kuhusu mambo yasiyo na uzito hatalitambua onyo la 21 ambalo lina uzito. Hiyo ndiyo hoja ya wanaopinga maonyo mengi, na wana haki. Dawa ni kuonya mara chache, pale tu ambapo kosa ni ghali au halirudishiki. Rangi ya kioo na mlio wa simu havihitaji onyo. Aina ya betri, jedwali la zao, uzito wa gunia na ruhusa ya kusoma majina vinahitaji.

Mfano ulioko mkononi

Wanaosema kwamba onyo zuri kwa Kiswahili ni jambo gumu wanasahau kitu ambacho Watanzania hukifanya kila siku. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008 na huduma nyingine kufuata, mamilioni ya watu wamezoea kutuma fedha kwa simu. Kabla ya kuingiza namba ya siri, mtumaji huonyeshwa kiasi anachotuma na jina la anayetumiwa. Akiona jina asilolijua, anaacha.

Ujumbe ule haubadilishi setingi, lakini una sifa zote ambazo onyo la setingi linapaswa kuwa nazo. Ni mfupi. Umeandikwa kwa lugha ya mnunuzi na muuzaji. Unataja fedha na mtu, wala hautaji mambo ya kitaalamu. Unakuja wakati ule ule mtu anapoamua, si kwenye kitabu cha maelekezo kilichobaki ndani ya boksi. Na kuacha ni rahisi kama kuendelea. Matapeli wa "tuma kwenye namba hii" wapo bado, lakini bila jina lile kuonekana, kazi yao ingekuwa nyepesi zaidi.

Kipima unyevu kinachouzwa kwa wanunuzi wa nafaka kingeweza kufanya vivyo hivyo. Kabla ya kutoa jibu kiandike: "Zao: mtama. Nyongeza: sifuri." Mkulima aliyesimama upande wa pili wa meza ataona kwa macho yake kama mtama wake unapimwa kama mtama, na kama kuna aliyechezea nyongeza. Kwa bei ya kifaa chenyewe, gharama ya mstari huo ni ndogo mno.

Nani afanye nini

Kiuchumi, tatizo hili lina jina la kawaida: gharama ya uamuzi haimwangukii aliyeamua. Soko peke yake halitalimaliza, kwa kuwa anayenunua mashine ni mnunuzi wa mazao, wala si mkulima, na mtengenezaji humsikiliza anayemlipa. Ndiyo maana mamlaka zina nafasi yake.

Wakala wa Vipimo tayari una lakiri na stika. Hatua inayofuata kwa mizani na vipima unyevu vya biashara ni kutaka mashine ihifadhi yenyewe kumbukumbu ya kila mara urekebishaji ulipoguswa, na namba ya kumbukumbu hiyo ionekane kwa anayeuza. Mizani za namna hiyo zimekuwapo duniani kwa muda mrefu. Namba yake hupanda kila urekebishaji unapofanywa na haishuki. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) nalo lingeweza kudai kwamba vidhibiti chaji na mashine za kutotolesha zinazoingizwa nchini ziwe na maonyo makuu kwa Kiswahili. Kwa upande wa mikopo, leseni ya Benki Kuu ingeweza kuwa na sharti la kusema wazi, kwa sentensi moja, programu itayafanyia nini majina yaliyomo kwenye simu.

Wanunuzi wakubwa nao wana nguvu. Chama cha ushirika au mwenye ghala anayenunua vipima unyevu kumi kwa mpigo anaweza kuweka masharti matatu kwenye zabuni yake: onyo kwa Kiswahili, alama inayoonekana pale setingi inapobadilishwa, na kitufe cha kurudisha mpangilio wa kiwandani au ule ulioidhinishwa na fundi. Muuzaji asiyeweza hayo atashindana kwa bei tu, na bei rahisi ya leo inaweza kuwa ghali msimu ujao.

Wakati hayo yakisubiriwa, mkulima na mfanyabiashara wana hatua ambazo haziwagharimu fedha. Kabla ya kubadilisha setingi yoyote, iandikwe kwenye daftari ilivyokuwa, au ipigwe picha kwa simu. Ibadilishwe moja tu kwa wakati mmoja, ili ikiharibika ijulikane ni ipi. Fundi akiombwa kurekebisha kidhibiti chaji, aulizwe anabadilisha nini na kwa nini.

Anayeuza mazao aangalie stika ya mwaka na lakiri kabla mzigo haujapanda kwenye mizani, na aombe kioo kisomeke sifuri mbele yake. Aulize mizani inatoa kilo ngapi za gunia. Jiwe la mizani lenye muhuri likipandishwa juu, jibu lake litaonekana papo hapo. Kwenye unyevu, ipo njia ya zamani ambayo haina setingi: chumvi kavu na punje kidogo hutiwa kwenye chupa kavu ya kioo, hutikiswa na kuachwa kwa robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, nafaka bado ina unyevu wa asilimia 15 au zaidi, hata kama kioo cha mashine kinasema vingine. Isipoganda, bado mashine inahitajika kuthibitisha kama imefika 13.5, kwa sababu chumvi haioni tofauti ndogo.

Mwenye simu aliyekwisha kutoa ruhusa anaweza kuirudisha nyuma kupitia sehemu ya mipangilio, kwenye programu husika, na kuondoa ruhusa ya majina na ujumbe. Kilichokwisha kuchukuliwa hakirudi, lakini kinachobaki huokolewa.

Mashine zitaendelea kuongezeka Kizota, Kibaigwa na katika magulio ya vijijini, na hilo ni jambo la heri, kwa kuwa debe la lumbesa halikuwa haki. Lakini haki ya mashine inakaa ndani ya setingi zake. Mkulima akiweza kuziona zilivyo na kumjua aliyezigusa, tarakimu ya kwenye kioo itastahili kuaminiwa kuliko neno la mtu. Asipoweza, atakuwa ametoka kwenye lumbesa inayoonekana na kuingia kwenye lumbesa isiyoonekana.